Kucha za Kubandika Zenye Mng'ao wa Dhahabu na Fedha: Tuchague Rangi Gani, na Umbo Gani?

Ramadhani ilipokaribia kumalizika, kikundi kimoja cha akina mama hapa Likoni kiliamua kuzitia pesa za mzunguko katika biashara ya kucha za kubandika. Wanachama ni 18. Kila mmoja alitoa shilingi 400, zikawa shilingi 7,200. Mwenyekiti na mweka hazina wakapanda feri, wakavuka hadi kisiwani, wakaingia duka la vipodozi na kurudi na pakiti 60 za kucha zinazong'aa kama kioo. Zote rangi ya fedha. Zote ndefu, zenye ncha kali kama mkuki. Chini ya taa za dukani zilipendeza kweli kweli. Idd ikaja, ikapita. Zilizouzwa ni pakiti 11.

Tulipoitwa kwenye mkutano wao, maneno yalikuwa makali. Wengine walishanong'ona kwamba mwenyekiti amekula pesa. Hakuwa amekula kitu; risiti tuliiona kwa macho yetu. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa na kina mama hawa kuwaeleza namna ya kuchagua mali hii. Na kwa vile vikundi vingine vya Timbwani, Mtongwe na Shika Adabu vimeanza kutuuliza habari hizo hizo, tumeona ni vizuri tuziandike.

Huenda msomaji akashangaa: kurasa hizi zimezoea mboji, kuku na visima, leo tena ni kucha! Lakini kupamba ni kazi huku Pwani tangu zamani. Yuko mama aliyesomesha watoto kwa kuchora hina na piko, na yuko anayeishi kwa kumfanyia bi arusi singo. Kucha za kubandika zimeingia hapo hapo, pembeni ya hina. Mtu akiifanya kazi hii kwa kujua, inalipa. Akiifanya kwa kubahatisha, ndiyo hayo ya pakiti 60.

KUCHA HIZI NI KITU GANI

Ukucha wa kubandika ni kipande chembamba cha plastiki kilichopindwa kufuata umbo la kidole. Pakiti ya kawaida huwa na kucha 24 za ukubwa 12, yaani kila ukubwa kucha mbili, na nyingi zina namba ndogo kwa upande wa ndani. Mara nyingi sifuri ndiyo kubwa kabisa, ya kidole gumba, na namba zikipanda upana unapungua. Ziko pia pakiti zenye kucha 10 tu. Hizo usinunue mpaka uwe umevipima vidole vya mteja, la sivyo pakiti nzima itapotea kwa ajili ya gumba moja.

Ule mng'ao nao si dhahabu wala fedha. Kucha nyingine huwekwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa, alumini ikapashwa moto mpaka ikawa mvuke, na mvuke ule ukatua juu ya plastiki kama utando mwembamba mno. Ni ufundi ule ule unaong'arisha pakiti za krispi kwa ndani. Kisha juu yake hupakwa vanishi. Vanishi ikiwa ya manjano, wewe unaona dhahabu. Basi usishangae mteja akirudi kulalamika kwamba dhahabu yake imegeuka fedha baada ya kusugua sufuria siku tatu! Vanishi imeisha, alumini imebaki. Kucha nyingine husuguliwa kwa unga laini sana unaong'aa, halafu zikafunikwa kwa vanishi pia. Kwa namna zote mbili kinachoulinda mng'ao ni ile vanishi ya juu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba pakiti moja iliyo wazi. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua ukucha mmoja kwa nguvu mara kumi au zaidi. Kitambaa kikipata rangi, rudisha. Halafu uminye ukucha kidogo ubavuni. Ukitoa mstari mweupe mara moja, ni plastiki dhaifu, itapasuka siku ya kwanza. Mwenye duka akikataa usijaribu, maduka ni mengi.

UMBO NDILO LINALOUZA

Tunaanza na umbo kwa sababu umbo ndilo lililowaangusha wenzetu. Dukani tulijiuliza, "Ipi inapendeza?" Swali la kwanza lingekuwa, "Mteja wangu anafanya nini kwa mikono yake?"

Mama wa Likoni anakuna nazi, anapaa samaki, anafua kwa mkono, anabeba mtoto. Ukucha mrefu kwake ni kama mtaimbo. Ukiugonga ncha, nguvu yote inakwenda kwenye mzizi, na kwa kuwa gundi imeshika, unanyanyua ukucha wake halisi pamoja na ule wa plastiki. Tumemwona binti mmoja aliyenaswa ukucha kwenye mlango wa matatu pale kivukoni. Ukucha wa plastiki haukuvunjika. Uliovunjika ni wake mwenyewe, nusu ukabanduka na damu ikatoka. Ukucha wa mkononi hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo alingoja karibu miezi sita urudi sawasawa.

Maumbo yaliyoko sokoni ni haya. Liko la mviringo na la yai, ambayo ni mafupi na hayana pembe ya kunasa kitu. Liko la mraba, lenye ncha iliyonyooka, na jamaa yake ambaye pembe zimelainishwa kidogo. Liko la lozi, jembamba kuelekea mwisho kama punje ya lozi. Halafu liko lile refu linalosinyaa kisha likakatwa bapa mwishoni. Hilo wanaliita la jeneza, na wengine la baleti, hasa ikiwa muuzaji hapendi kulitaja jeneza mbele ya bi arusi. Mwisho ni lile la ncha kali.

Ili kujua lipi linamfaa mtu, angalia mkono wake kabla hujafungua pakiti. Kucha zake zikiwa pana na vidole vifupi, mraba utavifanya vionekane vifupi zaidi. Mpe yai au lozi fupi, utaona kidole kinarefuka. Mwenye vidole virefu vyembamba, mraba wenye pembe laini unamkaa vizuri sana. Ipo pia kanuni ya kale ya mafundi: tazama ngozi ilivyojipinda pale kwenye mzizi wa ukucha, na ncha ifuate mpindo ule ule. Mzizi wa duara, ncha ya duara. Sisi tumeijaribu na mara nyingi haidanganyi.

Upana ndio unaosahauliwa na wengi. Ukucha wa kubandika ufike ubavu mmoja hadi wa pili wa ukucha wa mtu, lakini usiiguse nyama. Ukiwa mdogo unabana na kuchomoka. Ukiwa mkubwa unakaa juu ya ngozi, maji yanapenya, na kesho umeanguka. Ukikuta kidole kiko katikati ya namba mbili, chukua ile pana kisha uipunguze mbavuni kwa msasa taratibu. Usisugue juu, utaondoa vanishi.

Na mama lishe je? Yule anayekanda unga wa mahamri alfajiri, au anayeuza viazi karai barabarani? Huyo tumwambie ukweli hata tukikosa mauzo: siku za kazi asivae kabisa, hata zile fupi. Chini ya ukucha wa bandia uchafu hujificha usifikiwe na sabuni, na ukucha wenyewe unaweza kudondoka ndani ya unga. Wauguzi nao ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009, linashauri wahudumu wanaowagusa wagonjwa wasivae kucha za bandia. Hawa ni wateja wa siku ya arusi tu. Wanafunzi wa shule tusiwauzie kabisa, tutawatia matatani na walimu wao.

RANGI TUITAZAME JUANI

Taa ya dukani ni mwongo. Kila kinachong'aa kinapendeza chini yake. Ukishachagua, toka nje hadi mlangoni, weka ukucha juu ya mgongo wa mkono wako, uutazame kwenye mwanga wa mchana. Ukiwa na mwenzako, weka na juu ya mkono wake. Ngozi zetu weusi hazifanani. Iko yenye wekundu au umanjano ndani yake, na hiyo hupatana na dhahabu, shaba, na ile dhahabu yenye wekundu wa waridi. Iko nyeusi ya kukoza, na juu yake karibu kila kinachong'aa hutokeza, fedha ikiwa ya kwanza. Kwa yule mweupe mweupe, fedha ya kioo mara nyingi hufifia na kuufanya mkono uonekane umepauka. Shaba ingemfaa zaidi. Wengine hufundisha kutazama rangi ya mishipa ya damu kifundoni. Kwenye ngozi nyeusi mishipa haionekani vizuri, basi mbinu hiyo tuiache. Jua linatosha.

Pili, uliza atavaa nini. Bi arusi wetu wa Pwani hupambwa kwa dhahabu shingoni, masikioni na mikononi, na siku ya kupamba kina mama wote wanaoalikwa hutoa dhahabu zao. Kucha za fedha katikati ya dhahabu zote zile huonekana kama zimeazimwa. Hapa ndipo zile pakiti 60 zilipokwama mara ya pili. Wateja wa Idd walikuwa na bangili za dhahabu, au za kuigiza dhahabu, na mikono yao ina hina nyekundu. Hina nyekundu na dhahabu ni ndugu. Shaba pia. Fedha ingekwenda na piko nyeusi, na ingependeza kwa msichana wa buibui jeusi ambaye mikono ndiyo pekee inayoonekana.

Kwa kuwa tumeitaja piko, tuseme neno moja tu. Piko nyingi ni dawa ya kupaka nywele nyeusi, na ndani yake mna kemikali inayoweza kuunguza ngozi mpaka ikatoa malengelenge. Aliyewahi kuwashwa nayo asipakwe tena, na asishauriwe ajaribu kidogo.

Tatu ni aina ya mng'ao. Uko ule wa kioo, unaweza hata kujiona ndani yake. Unauzika kwa macho, lakini kila mkwaruzo unaonekana, na kwa sababu unarudisha mwanga hufanya ukucha mpana uonekane mpana zaidi. Uko uliofifizwa, kama sinia kuukuu la shaba lililosuguliwa vizuri. Huo unaficha mikwaruzo na kwa maoni yetu ndio wa mtu mzima. Uko wa chengachenga, ambao watoto wa kike wanaupenda mno na unadumu, ila una ukwaruzaji wa kunasa mtandio.

Mama anayeona haya kuvaa dhahabu vidole vyote kumi, hasa mbele ya mavyaa, mshauri aweke dhahabu kidole cha pete peke yake, na vingine rangi ya maziwa au ya ngozi. Pakiti moja ya dhahabu yenye kucha 24, ikichanganywa na pakiti za rangi ya kawaida, inaweza kuhudumia watu kadhaa kwa namna hiyo. Hesabu hiyo wenzetu hawakuipiga.

Tungeanza sisi na pakiti 10, tungechukua 4 za dhahabu iliyofifizwa, fupi, za yai. Tungechukua 3 za shaba au waridi, za lozi fupi, na 2 za fedha za mraba wenye pembe laini. Moja tu ingekuwa ndefu, ya kioo, ya kumwonyesha bi arusi. Zikiisha ndipo tuvuke tena feri, tukiwa tumeandika daftarini ipi iliyotangulia kuisha.

GUNDI, STIKA NA UDHU

Wateja wengi wa Likoni ni Waislamu, na kabla ya kuuliza bei watauliza udhu. Sisi si walimu wa dini yao, lakini mfanyabiashara mzuri humheshimu mteja wake. Walimu wao hufundisha kwamba kinachozuia maji yasifike kwenye ukucha huzuia udhu kutimia, na josho pia. Hina ni rangi tu, haina tabaka, kwa hiyo haizuii. Ukucha wa plastiki unazuia. Ndiyo maana wengine huzivaa katika siku ambazo hawasali, na wengine huzivaa kwa saa chache za sherehe kisha wakazivua.

Hapa kucha za kubandika zina faida ambayo zile za kujengwa saluni hazina: zinavuliwa. Lakini inategemea umetumia nini. Stika zenye gundi pande mbili hushika siku moja au mbili na hutoka bila vita. Gundi ya maji hushika wiki moja, hata mbili. Mteja wa udhu auziwe stika, na aambiwe wazi. Kumwekea gundi kisha akashindwa kuivua adhuhuri inapoingia ni kumkosea.

Namna ya kubandika haina mengi. Osha mikono, kausha, sukuma nyuma taratibu ile ngozi ya mzizini, pangusa kucha kwa spiriti ili mafuta yatoke. Anza mzizini, laza ukucha kuelekea ncha bila kuacha hewa, kandamiza nusu dakika. Kisha asishike maji kwa saa moja au mbili. Hina itangulie siku moja au mbili kabla, kwa maana mafuta yake hayapatani na gundi.

Gundi hii ni jamii moja na supagluu ya fundi viatu, na ndiyo yenye hatari kuliko yote tuliyoyasema. Ikidondokea pamba, hupata moto ghafla na kuunguza. Leso tunazojifunga kiunoni ni pamba! Usifanye kazi hii ukiwa umeitandaza leso mapajani, wala usipanguse gundi kwa pamba. Kichupa chake nacho kinafanana mno na cha dawa ya macho. Watu wamejitia gundi machoni wakidhani ni dawa, hapa duniani si mara moja. Vichupa hivyo viwili visikae kabati moja wala mkoba mmoja, na watoto wasivifikie. Ikitokea imeingia jichoni, usilivute kope lililoshikana. Mwagia maji safi kwa muda mrefu na kimbia hospitali. Vidole vikishikana, viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviviringishe polepole mpaka viachane.

Kuvua ni hivyo hivyo: maji ya vuguvugu, sabuni, mafuta kidogo ya nazi, robo saa au zaidi, kisha nyanyua kwa ubavuni. Haujatoka? Rudisha kwenye maji. Usitumie meno, usitumie kisu. Asetoni inaharakisha, lakini inaharibu mng'ao na inashika moto upesi, kwa hiyo iwe mbali na jiko na mshumaa. Ukucha uliotoka kwa mtu mmoja usimbandike mwingine. Ukiona ukucha wa mtu umegeuka kijani chini yake, ni vijidudu vilivyopata unyevu. Mwache upate hewa, usiufunike kwa dhahabu. Mwenye fangasi vivyo hivyo, atibiwe kwanza.

Mama mjamzito aliyekaribia siku zake azivue. Hospitalini huvalisha kidole kifaa kidogo cha kupima hewa katika damu kwa kupitisha mwanga, na wauguzi hutazama rangi ya kucha kujua kama damu ni pungufu. Juu ya kucha za kioo hawataona kitu, na usiku wa uchungu si wakati wa kutafuta maji ya vuguvugu.

ZILE PAKITI 49

Turudi kwa wenzetu. Baada ya maneno kupoa, mama mmoja kati yao, fundi wa cherehani, aliuliza kwa nini kucha ndefu zisikatwe. Tukajaribu hapo hapo juu ya meza. Ncha ilikatwa kwa kikatio cha kucha kidogo kidogo kutoka pembeni, maana ukikata katikati mara moja inapasuka, kisha ikasuguliwa kwa msasa mpaka ikawa yai fupi. Tatizo lilikuwa ukingo: ulipokatwa, plastiki nyeupe ilionekana. Wakaupaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha ya dhahabu. Kumbe ikatokea fedha yenye ukingo wa dhahabu, ambayo inakwenda na bangili za aina zote mbili. Nyingine ziliharibika, lakini pakiti ina kucha nyingi kuliko vidole, kwa hiyo ilikuwepo nafasi kidogo ya kukosea.

Kwa njia hiyo wameuza pakiti 40 kwa shilingi 120 kila moja, bei ile ile waliyonunulia. Ukijumlisha na zile 11 za Idd walizouza kwa shilingi 200, wamepata shilingi 7,000. Bado shilingi 200 mtaji urudi, na kazi ya mikono yao hawajaihesabu. Pakiti 9 zimebaki kwenye sanduku la mweka hazina, hazijakatwa. Wanazibakiza hivyo hivyo ndefu, kwa kuwa bi arusi mmoja wa Bofu amesema atapita Jumamosi kuzitazama, naye anasema huvaa fedha tu.